Mkia wa Panya-Mrukaji na Nywele za Zulaa

Jumatatu, 8 Agosti

Siku imepangwa. Mjukuu wangu Zulaa atakatwa nywele zake za kwanza Jumapili hii. Lama, mtawa wetu wa Kibuddha, alifungua kitabu chake, akahesabu kwa vidole, akasema Jumapili ni siku njema. Baada ya hapo hakuna nyingine mpaka vuli, na vuli tutakuwa tumeshahama, kila mtu na bonde lake. Nani atawakusanya ndugu wakati huo? Kwa hiyo ni Jumapili au basi.

Swali lililobaki ni moja: nani atashika mkasi wa kwanza?

Kwa kalenda yetu ya miaka kumi na miwili ya wanyama, Zulaa alizaliwa mwaka wa Joka. Lama anasema anayeanza kukata awe mtu ambaye mwaka wake unapatana na Joka, yaani Panya au Nyani. Mimi ni Panya. Safi kabisa. Kwa bahati mbaya Gombo ni Nyani.

Gombo ni babu mwenzangu, baba wa mkwe wangu Purvee. Hema lake liko ng'ambo ya korongo kavu. Ana ngamia wengi kupita kiasi, ana masharubu marefu, na hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Mimi nilifundisha baiolojia katika shule ya wilaya mpaka nilipostaafu. Mtu yeyote akituweka kwenye mizani ataona jibu. Lakini binti yangu Narmandakh hatumii mizani. Amesema mkasi atapewa babu ambaye mtoto mwenyewe atamkubali.

Na mtoto hamkubali mtu. Tangu wiki iliyopita, akiona mkasi anashika kichwa kwa mikono miwili na kulia mpaka mbwa wanabweka. Hata mkasi wa manyoya ya mbuzi. Narmandakh aliniuliza kama najua sababu. Nikamwambia watoto wa umri huu wana hofu za kupita, zinakuja na kuondoka zenyewe, na nikamfafanulia kwa nini. Akaondoka kabla sijamaliza.

Nimefikiri. Zulaa anapenda kitu kimoja kuliko vyote hapa jangwani Gobi: panya-mrukaji. Hiyo ni kazi yangu. Wiki iliyopita, jua likizama, nilimpeleka nyuma ya vichaka nikamwonyesha mmoja. Mwili kama ngumi ya mtoto, masikio ya sungura, miguu ya nyuma mirefu kama ya ndege, na mkia unaoupita mwili kwa urefu. Nikamweleza kila kitu kwa lugha nyepesi. Kwamba mwisho wa ule mkia kuna shungi la nywele nyeusi na nyeupe. Kwamba shungi hilo ndilo usukani wake awapo hewani. Kwamba likikatwa, maskini hupinduka na kuanguka kila anaporuka. Alinisikiliza mdomo wazi. Shuleni sikuwahi kupata mwanafunzi wa namna ile.

Basi mpango ni huu: nitamkamatia panya-mrukaji wake mwenyewe. Gombo ametangaza kwamba atatoa zawadi ya ndama wa ngamia, mweupe. Atoe tu. Mtoto hawezi kumtia ngamia kwenye mkono wa joho lake na kutembea naye.

Jumanne, 9 Agosti

Sikukamata. Lakini nimejifunza mengi kuhusu adui, kwa hiyo siku haikupotea.

Niandike hapa jinsi ilivyo, maana wengi hawajui. Panya-mrukaji mchana hulala ndani ya shimo lake na kuziba mlango kwa udongo. Mjinga ataishia hapo. Kumbe ana mlango wa pili, ameuchimba mpaka karibu na uso wa ardhi akaacha tabaka jembamba la juu. Nyoka akiingia kwa mbele, yeye anapasua dari kwa kichwa na kutokea upande wa pili. Ukijua hili, umeshamshinda.

Nililijua. Jioni nilichukua mfuko wa Dulmaa, mke wangu, ule wa kuchujia maziwa ya mgando, nikauweka juu ya mlango wa siri. Mlango wa mbele nikaumwagia chai iliyobaki kwenye birika. Kisha nikalala kifudifudi, nimeshika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili.

Gombo akapita na pikipiki yake akifuata ngamia. Lazima apite wakati huo. Akazima injini.

"Mwalimu, umepoteza kitu?"

Nikamjibu kwamba nachunguza hali ya malisho.

"Ukiwa umelala?"

"Mizizi iko chini, Gombo."

Akatafakari, akisokota masharubu. Akasema sawa, basi siku akinikuta nimelala chali atajua nachunguza mawingu.

Nilikuwa natafuta jibu la kumnyamazisha ndipo panya-mrukaji alipotoka. Hakutokea mlango wa mbele wala wa siri. Alitokea mlango wa tatu, uliokuwa chini ya goti langu. Vitabu haviutaji. Niliruka, nikakanyaga pindo la joho langu mwenyewe, nikaangukia kichaka cha miiba. Wakati huohuo Dulmaa na Zulaa walikuwa wanarudi na mbuzi, wakaona yote. Mtoto hakucheka. Alinitazama kwa makini sana, kama mtu anayeweka jambo akilini.

Dulmaa ameuliza mfuko wake umefikaje mbugani. Nimemwambia ni habari ndefu. Akasema anajua, zangu zote ni ndefu.

Jumatano, 10 Agosti

Nilimkamata! Kisha nikampoteza. Nianze mwanzo.

Jana baada ya chakula nilirudi na tochi. Kiumbe huyu akimulikwa huduwaa. Nilimmulika, akaduwaa, kisha akakurupuka moja kwa moja mpaka ndani ya mkono wa joho langu, akidhani ni shimo. Hayo si bahati. Ni joho pana la kizamani ambalo Narmandakh ananiambia kila mwaka nilitupe.

Nilimweka kwenye dumu tupu la maziwa, nikamtilia mchanga na vitunguu pori, nikafunika kwa kitambaa, nikalisukuma nyuma ya kitanda. Sikumwambia mtu. Nilitaka asubuhi nimwite Zulaa taratibu, nifunue, na palepale nimuulize mkasi ashike nani.

Asubuhi nani aingie? Gombo. Amekuja kutusalimu, eti. Kwa desturi tukabadilishana chupa za ugoro, tukanusa, tukaulizana kama mifugo imenenepa. Dulmaa akampa bakuli la chai. Zulaa alikuwa mlangoni anacheza na mifupa ya kisigino cha kondoo. Kila kitu kilikuwa shwari mpaka Dulmaa alipohitaji dumu la maziwa.

Akafunua.

Panya-mrukaji alitoka kama risasi. Kitandani, kwenye sanduku, ndani ya beseni la unga, juu ya jiko. Bahati jiko lilikuwa limepoa. Mwisho akatua juu ya kofia ya Gombo, akakaa pale mweupe kwa unga, akipangusa masharubu yake. Chini yake Gombo naye ana masharubu. Walifanana, lakini sikusema.

Sasa mtu na asome vizuri hali niliyokuwa nayo. Mnyama wangu yuko hatua moja kutoka mkononi. Lakini yuko juu ya kofia ya mwanamume mwenzangu, na kofia ya mtu haiguswi. Afadhali umtukane ngamia wake. Angeweza kuivua mwenyewe, bila shaka. Lakini mkono wa kulia alikuwa na bakuli la chai, wa kushoto chupa yangu ya ugoro, na hakuonyesha haraka ya kuviweka chini.

"Mwalimu, huyu ni wako?"

"Wangu."

"Basi mchukue."

"Yuko juu ya kofia yako."

"Najua alipo. Ananikanyaga." Akanywa chai.

Nikawaza haraka. Desturi inakataza kugusa kofia, haisemi chochote kuhusu kilicho juu ya kofia. Nikachukua upawa, nikauleta polepole kutoka nyuma, chini ya tumbo la mnyama, bila upawa kugusa kitambaa. Ilikuwa kazi safi. Ningefaulu kama sakafu isingekuwa na unga. Niliteleza, nikaenda chini mzimamzima, upawa ukalia kwenye jiko, na panya-mrukaji akaondoka kupitia mlangoni kwa miruko miwili.

Zulaa akaja akakaa mapajani kwa Gombo. Akatangaza kwamba panya-mrukaji anapenda kofia ya Babu Gombo. Gombo akasema ndiyo, tumezoeana, huja mara kwa mara. Uongo mtupu, mbele ya mtoto.

Kisha Zulaa akanitazama nilipokuwa sakafuni. Kwa makini, kama jana.

Alhamisi, 11 Agosti

Sababu imejulikana. Afadhali isingejulikana.

Dulmaa alimuuliza mtoto wakati wa kukamua mbuzi, polepole, bila kumtazama usoni, kwa nini hataki mkasi. Zulaa akasema akikatwa nywele ataanguka. Nani kasema? Babu Mwalimu kasema. Panya-mrukaji akikatwa nywele anaanguka. Dulmaa akamwambia yule ni panya, wewe ni mtu. Zulaa akajibu kwamba Babu Mwalimu ni mtu, hana nywele, na anaanguka kila siku.

Ni kweli sina nywele. Ziliondoka zamani, nami huvaa kofia, lakini mtoto ameniona nikinawa.

Narmandakh alikuja hemani kwangu akaniita "Baba" kwa sauti ile anayowaitia mbuzi walioingia kwenye unga. Nikamwomba atulie. Nikamwonyesha kwamba somo langu lilihusu mkia, sikutaja kichwa hata mara moja, na hitimisho ni la mwanafunzi. Nikamwambia pia, kwa haki, kwamba mtoto hakukosea katika njia. Aliona kipara, akaona kipara kinaanguka Jumanne, akaona kinaanguka Jumatano. Amechunguza, amelinganisha, ameamua. Kasoro yake ni kwamba amechunguza kipara kimoja tu.

Narmandakh akafumba macho. Akasema Jumapili ikipita mtoto hajakatwa, ndugu watakuwa wamekuja kutoka mbali kula nyama na kurudi, na yeye ataulizwa kila kambi kwa nini binti yake anakwenda shule na nywele za utotoni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Usimweleze chochote. Mpaka Jumapili. Chochote."

Nimeahidi. Mimi nikiahidi natimiza.

Lakini kuonyesha si kueleza. Walimu wote wanajua tofauti hiyo.

Ijumaa, 12 Agosti

Jaribio la beberu.

Wazo lenyewe halina dosari, naliandika hapa ili lisisemwe vibaya baadaye. Mtoto ana ushahidi wa kipara kimoja. Aongezewe ushahidi. Beberu wetu mkubwa ana ndevu ndefu kuliko mbuzi wote upande huu wa korongo. Ndevu zikikatwa na beberu akabaki amesimama, nadharia inaanguka yenyewe, bila mimi kufungua mdomo.

Nilimwita Zulaa. Alikuja akiwa amejificha nyuma ya bibi yake. Nikamshika beberu pembe, nikakata ndevu zote kwa mkupuo mmoja. Nikamwachia. Nikarudi nyuma.

Akasimama. Imara, miguu yote minne. Nikamtazama Zulaa kwa ushindi, kimya kabisa, kama nilivyoahidi. Akaanza kutoka nyuma ya bibi yake. Nikaona uso wake unafunguka.

Kisha upepo ukavuma.

Nadhani beberu hakuwahi kuhisi upepo kidevuni tangu azaliwe. Alishtuka, akaruka pembeni, akakimbia kinyumenyume, jambo ambalo sikujua mbuzi wanaweza, akanasa kwenye kamba ya kufungia vitoto vya mbuzi, akapinduka. Nilikwenda kumkamata. Kamba ileile. Tukalala chini wote wawili, kidevu kwa kidevu.

Zulaa alifikiri kidogo, akamwambia bibi yake: "Umeona? Wote wawili hawana nywele."

Dulmaa alicheka mpaka akakaa chini, na amekuwa akikaa chini siku nzima kila anapomwona beberu. Jioni Gombo alikuwa ameshapata habari, maana Purvee hawezi kumficha baba yake kitu. Akatuma salamu: kama Mwalimu anahitaji mnyama mkubwa zaidi wa kuanguka naye, ngamia wapo.

Zulaa amevaa kofia ya manyoya ya mbweha, ile ya baridi kali. Ni Agosti. Anakula nayo, analala nayo, ameifunga kamba chini ya kidevu kwa fundo ambalo mama yake hawezi kulifungua.

Narmandakh hasemi nami. Anamwambia Dulmaa aniambie.

Jumamosi, 13 Agosti

Kichwa kimoja kimeharibu jambo, kichwa hichohicho kitalitengeneza. Hivyo ndivyo nilivyoamka nikijisemea. Siku nzima nitakuwa bila kofia, mbele ya macho ya mtoto, nimesimama wima. Kipara kisichoanguka.

Asubuhi ilikwenda vizuri kupita matarajio. Nilikwenda kisimani na kurudi na ndoo mbili, kipara kinang'aa. Nilitembea mbele ya hema. Nilitembea nyuma ya hema. Nilikusanya samadi kavu ya kuwashia moto, nikainama na kuinuka, kuinama na kuinuka. Zulaa alinifuata kwa mbali chini ya kofia yake ya mbweha, jasho linamtoka. Mara moja aliishika kamba ya fundo kana kwamba anataka kulifungua. Niliuona ule mkono kwa macho yangu.

Ningeishia hapo. Dulmaa ndivyo anavyosema, na huenda kwa mtazamo wa nje ni hivyo. Lakini ushahidi ukiwa mzuri, mtafiti huuongeza. Nikageuza hori la kunyweshea farasi juu chini, nikapanda juu yake, nikasimama kwa mguu mmoja. Shuleni tulifanya hivyo kila mwaka katika somo la uzito na mizani. Zamani nilikuwa kijana, ni kweli, na tulitumia meza.

Gombo akafika na kondoo wa karamu ya kesho kwenye pikipiki.

"Mwalimu, shuka."

"Nafundisha."

"Unafundisha nini huko juu?"

"Sijaruhusiwa kueleza."

Akaegesha pikipiki. Hori likaanza kuyumba kwa sababu ya ardhi, si kwa sababu yangu. Gombo akakimbia kunidaka. Kwa mtu wa umri wake anakimbia vizuri. Alinidaka hasa, nusu ya njia, kisha tukaenda chini pamoja, yeye chini, mimi juu, hori pembeni.

Hata pale chini niliona nafasi. Nikamwita Zulaa atazame: Babu Gombo ana nywele, ana masharubu, na ameanguka. Hayo hayakuwa maelezo, yalikuwa tangazo tu.

Zulaa akasema Babu Gombo hakuanguka. Alivutwa.

 

Gombo aliniinua, akanipangusa vumbi mgongoni. Kifundo cha mguu wangu kimevimba, akanibeba mpaka kitandani kama mzigo wa sufu. Nilitegemea mzaha. Hakufanya. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tukishindwa kesho, ataumia Narmandakh, si mimi wala yeye, na kwamba mkasi akiushika yeyote kati yetu ni sawa, ila ushikwe. Akasema nipumzike. Sasa, je, mtu akikuambia hivyo ni wema au ni mbinu? Nimelifikiria jambo hili jioni nzima na mguu wangu juu ya mto.

Kabla ya kulala Zulaa aliniletea kipande cha jibini kavu. Alikaa karibu nami. Akaweka kiganja juu ya kipara changu, akakiacha pale. Akauliza kama nikianguka ninaumia.

Nikasema naumia kidogo.

Akauliza kama nitaanguka tena.

Nikasema sijui. Sikueleza zaidi. Nilikuwa nimechoka.

Jumapili, 14 Agosti

Imekuwa. Naandika nikiwa nimelala na mguu umefungwa, na nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Ndugu walikuja, hema likajaa mpaka mlangoni. Nyama, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, vyakula vyeupe vya maziwa vimepangwa kama mnara. Nje ndama mweupe wa Gombo alikuwa anamlilia mama yake, na kila aliyeingia alisema maneno mazuri juu yake. Mimi niliketi upande wa heshima, kofia kichwani, fimbo pembeni. Zawadi yangu ilikuwa mbuzi jike mwenye mapacha. Mzuri, lakini hakuna aliyetoka nje kumtazama.

Narmandakh alileta mkasi umefungwa kitambaa cha buluu. Aliutazama mguu wangu, akanitazama mimi. Nikajua. Mzungumzaji alikuwa Purvee: kwa kuwa baba mkwe hawezi kusimama, tutaanza na baba yangu. Nikatikisa kichwa kukubali. Niliona Narmandakh anakunja na kukunjua kile kitambaa cha mkasi, na ghafla sikujali sana ni nani. Niliona tu kwamba Lama anatazama saa.

Gombo akapiga goti mbele ya mtoto. Akamsalimu, akamsifia kofia, akamwambia ndama ana jina lakini ni siri mpaka nywele zikatwe. Alifanya vizuri, nakubali. Zulaa akaishika kofia ya mbweha kwa mikono miwili, akaanza kupumua kwa haraka kama anavyofanya kabla ya kilio.

Gombo akaushusha mkasi.

"Simlazimishi," akasema. "Nywele ni zake."

 Shangazi mmoja akaanza kusema kwamba enzi zake mtoto alishikwa tu, ikawa basi.  Narmandakh aliinama kama anatafuta kitu sakafuni, na hakukuwa na kitu.

Ndipo Zulaa aliposhuka mapajani mwa baba yake. Akachukua mkasi kutoka mkononi mwa Gombo, akaushika kwa kitambaa chake, akapita katikati ya miguu ya watu mpaka kwangu. Akanivua kofia. Kisha akainua kidevu ili nifungue fundo la kofia yake. Nilifungua. Sijui nililifunguaje.

Nywele zilikuwa zimelowa jasho, zimegandamana.

"Kata, Babu," akasema. "Zangu ni nyingi. Uziweke kichwani kwako. Usianguke tena."

Hapa palihitaji maelezo. Nywele za mtu mmoja haziwezi kuota kwenye kichwa cha mwingine, na sababu zake ni tatu, nazijua zote. Nikaupokea mkasi.  

Dulmaa alinipa maziwa, nikampaka mtoto kwenye paji la uso kama baraka. Nikakata. Mkasi ulilia mara moja tu. Zulaa alifumba macho, akafumbua, akajishika kichwa, akajishika magoti. Alikuwa bado amesimama. Akachukua lile shungi akaliweka juu ya kipara changu. Likateleza. Akaliweka tena, akanivika kofia juu yake na kuigandamiza kwa viganja vyote viwili. Lama alianza kusema kwamba nywele huwekwa kwenye kitambaa cha buluu. Narmandakh akamwambia, kwa heshima zote, aache.

Gombo alipenga kamasi kwa sauti ambayo ndama aliijibu.

Baada yangu alikata yeye. Kisha ndugu wote, mmoja baada ya mwingine, na Zulaa akawa anawainamishia kichwa kwa subira, kama mtu anayegawa chakula. Walipomaliza alisimama. Akapiga hatua moja, taratibu, mikono imetanuliwa. Nyingine. Kisha akatoka mbio kumwona ngamia.

Hakuanguka.

Narmandakh alikuja akakaa karibu nami, akanimiminia chai mwenyewe, akaniita "Baba" kwa sauti ya kawaida.

Jumatatu, 15 Agosti

Mguu una nafuu. Nimepata muda wa kutathmini.

Nikitazama nyuma, mpango ulifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Bila somo la mkia mtoto asingeogopa. Bila kuogopa asingechunguza. Bila maanguko yangu asingenihurumia, na bila huruma mkasi ungekwenda kwa Gombo. Kila hatua ilikuwa ya lazima, hata ya beberu. Leo asubuhi nimemweleza Gombo haya yote alipokuja kunijulia hali. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kuna chai. Mtu asiyesoma hawezi kuuona mfumo.

Zulaa naye amekuja, kichwa chake kimenyolewa chote, kinang'aa kuliko changu. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda akaniuliza panya-mrukaji hunywa maji wapi, maana hajawahi kumwona kisimani.

Ahadi yangu ilikuwa mpaka Jumapili. Leo ni Jumatatu. Isitoshe, kujibu mwanafunzi si sawa na kueleza bila kuulizwa. Nikamwambia ukweli wa ajabu: panya-mrukaji hanywi. Anaweza kuishi maisha yake yote bila tone la maji. Hupata unyevu kwenye mizizi na majani anayokula, hana haja ya zaidi, na ndiyo maana anaruka juu kuliko wote, kwa kuwa ni mwepesi. Nikamchorea figo mchangani. Alinisikiliza mdomo wazi.

Mchana Narmandakh ameingia bila kubisha hodi. Anataka kujua nimemwambia nini mtoto. Zulaa amekataa maziwa, amekataa chai, amekataa mchuzi wa nyama, na yuko nje anarukaruka kujipima.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, amlete tu. Tatizo ni dogo sana. Nilimweleza figo za panya nikasahau za binadamu.